Kipimo cha CA-125 Moshi mjini: damu inachukuliwa vizuri, karatasi ya majibu ina kasoro

CA-125 ni protini ya damu inayopimwa kufuatilia saratani ya ovari. Kwa mgonjwa wa saratani hiyo anayefuatilia kama dawa inafanya kazi, huduma ya maabara hii binafsi inafaa, kwa sharti moja tutakalolieleza. Kufunga kula hakuhitajiki. Damu, mililita 5 hivi, huingia tyubu ya kifuniko cha njano yenye jeli, na wanaiacha igande nusu saa kabla ya kuizungusha kwenye mashine ya kutenganisha damu. Hapo wanastahili pongezi, maana wengi huharakisha.

Tatizo ni majibu. Karatasi inaonyesha namba, kikomo cha 35 na herufi H (yaani imezidi kikomo), basi. Jina la mashine halipo! Mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile, kwa hiyo mama aliyepima Arusha mwezi uliopita hawezi kulinganisha. Ombeni jina hilo liandikwe kwa kalamu, na mpime palepale kila mara.

Namba moja pekee haitoshi kutabiri. Kinachotabiri ni kasi ya kushuka: vipimo visivyopungua 3 ndani ya siku 100 za kwanza za kemo (dawa za saratani), kisha daktari akokotoe alama ya KELIM, inayopima kasi hiyo. Ikifika 1 au zaidi, dawa inafanya kazi vizuri.

Mapokezi hawaulizi kuhusu hedhi, ujauzito wala TB ya tumbo, na vyote hupandisha CA-125. Semeni wenyewe. HE4, protini nyingine inayopimwa kwa saratani ya ovari, haisumbuliwi sana na endometriosisi (tishu kama za ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake), ila figo zikidhoofika nayo hupanda. Pimeni kreatinini, kipimo cha figo, pamoja.