Mche wa mshelisheli nilionunua Lubumbashi: uzoefu wangu

Niseme wazi tangu mwanzo: mche umeshika, una afya, na pesa yangu haikupotea. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa hapa Lubumbashi wanaouliza habari za mshelisheli, mti wa matunda ya wanga yanayoliwa kama chakula, wakaambiwa kwetu hauoti. Ndugu yake mfenesi wengi wanaujua. Huu ni wachache waliowahi kuuona.

Niliupata kwenye kitalu kimoja kando ya barabara ya Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia, kwa dola 20. Ni ghali, maana mche wa mwembe au wa parachichi haufiki hata nusu ya hapo. Lakini shelisheli ile isiyo na mbegu huwezi kuiotesha kwa mbegu. Unachukua chipukizi lililoota kwenye mzizi wa mti mama, au unakata kipande cha mzizi na kukiotesha penye unyevu. Miche hii ililetwa kwa lori kutoka pwani ya Tanzania, ikapita Tunduma na Zambia, na safari hiyo ndiyo unayoilipia.

Kilichonifanya nitoe pesa ni namna papa (mzee) mwenye kitalu alivyonijibu nilipomwomba ushahidi. Hakukasirika. Alipasua ubavu wa mfuko, akafukua udongo kwa kidole, nikaona kipande cha mzizi chenye unene wa kidole gumba kimelala, shina likiwa limesimama juu yake. Muuzaji mwingine mjini alikuwa na miche ya bei rahisi, akidai ni mshelisheli usio na mbegu, na papo hapo anasema ameiotesha kwa mbegu! Ilikuwa mifenesi. Ni rahisi kudanganyika, kwa sababu mfenesi mchanga nao huweza kutoa majani yenye mapengo. Tazama majani mapya ya juu: ya mfenesi hurudi kuwa mazima, ya mshelisheli huzidi kukatika kadiri mti unavyokua.

Lawama yangu kwa kitalu ni karatasi ya maelezo. Imeandikwa kwa watu wa pwani: panda penye jua, mwagilia, basi. Mshelisheli hupenda joto la nyuzi 21 hadi 32. Sisi tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Juu ya baridi hakuna hata neno moja. Mtu atalipa dola zake, atafuata karatasi neno kwa neno, na mche utakufa kabla haujamaliza mwaka. Hilo linaniuma, kwa sababu kinga yenyewe si ngumu.

Wangu niliupanda upande wa kaskazini wa ukuta wa matofali. Wakati wa baridi jua letu huelekea kaskazini, kwa hiyo ukuta hushiba joto mchana na kulitoa usiku, na upepo wa kusini-mashariki huishia nyuma yake. Shimo nililijaza udongo wa kichuguu uliochanganywa na mbolea ya kuku iliyooza vizuri. Udongo wetu mwekundu una asidi, wa kichuguu hupunguza ukali huo. Shinani niliweka nyasi kavu nyingi, ila hazigusi gamba. Kiangazi chote nimekuwa nikimwagilia. Baridi ilipoingia, kingo za majani ziligeuka nyeusi na mengine yakaanguka, lakini chipukizi la juu lilibaki kijani. Joto la Oktoba likalifungua.

Matunda bado. Mti uliotokana na mzizi huzaa baada ya miaka 3 hadi 6, na kwa baridi yetu nategemea kusubiri zaidi. Nitasubiri. Unga wa mahindi hapa hupanda bei kila Zambia inapobana mpaka, na mimi nataka lupango langu, yaani kiwanja cha nyumbani, liwe na chakula cha kuchoma juu ya mbabula (jiko la mkaa) kisichotegemea lori la mtu.

Nakipa kitalu nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa karatasi, na kwa mfuko mdogo uliofanya mizizi ianze kujizungusha. Mwenye lupango finyu asinunue, mti huu hupita mita 15. Mwenye nafasi asubiri Novemba mvua zishike, na kabla ya kulipa aombe kuonyeshwa mzizi. Asipoonyeshwa, aende zake.