Ficoll-Paque PLUS: nzuri, ila haitaki damu kiporo

Kwa anayetenga limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) ili apime jeni zake, Ficoll-Paque PLUS ya kampuni ya Cytiva, kimiminika cha kutenganishia chembe za damu, bado ndiyo tunayoipendekeza. Densiti yake ni gramu 1.077 kwa mililita, na siri yote iko hapo: chembe nyekundu na granulosaiti (chembe nyeupe zenye punje) ni nzito zaidi, zinazama, limfosaiti na monosaiti (chembe nyeupe za aina nyingine) ni nyepesi, zinaelea. Njia hii aliieleza Arne Bøyum wa Norway mwaka 1968, na haijachakaa.

Chupa ya mililita 100 ina kizibo cha mpira. Usiking'oe. Pindua chupa mara kadhaa, kisha vuta kwa sindano. Itunze mbali na mwanga. Ikigeuka manjano au ikiwa na chembechembe, mwaga.

Damu (iliyozuiwa kuganda kwa EDTA kama unakwenda kwenye PCR, yaani njia ya kuzidisha DNA, maana heparini, kizuia mgando kingine, huizuia) changanya nusu kwa nusu na PBS, maji ya chumvi yenye bafa. Tia mililita 3 za Ficoll kwenye tyubu ya mililita 15, inamisha tyubu, teremsha mililita 4 za damu hiyo iliyochanganywa taratibu zikifuata ukuta. Hapa haraka haina nafasi: ukimimina kwa nguvu, damu inapenya Ficoll na mpaka unapotea. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano wa dunia), dakika 30, nyuzi 20, breki imezimwa. Wengi huchanganya g na mizunguko: kwa rota (kichwa cha mashine kinachozunguka) yenye nusukipenyo cha sentimita 17, 400 g ni mizunguko kama 1,450 kwa dakika.

Limfosaiti zitakuwa kwenye utando mweupe kama tui jepesi, kati ya plazma (majimaji ya damu) na Ficoll. Vuta utando tu. Ukizidisha Ficoll unabeba granulosaiti, ukizidisha plazma unabeba plateleti (chembe za kugandisha damu). Osha kwa PBS mara mbili, ya pili kwa 100 g, dakika 10, plateleti zibaki juu.

Ficoll iliyotoka friji sasa hivi ni nzito kupita kiasi, na chembe nyekundu hushikamana polepole, hivyo utando huwa mwekundu. Kwenye joto kali nazo hushikamana haraka mno na kunasa limfosaiti. Maabara za mwambao zisizo na kiyoyozi zilichunge hili.

Mavuno ya limfosaiti ni wastani wa asilimia 60, si mengi, lakini yanatosha. Tatizo kubwa ni damu iliyolala. Ikipita saa 24, nyutrofili (granulosaiti zilizo nyingi zaidi) huamka, densiti yake hushuka, nazo huelea pamoja na limfosaiti. Humwaga enzaimu ya arginesi, ajinini (asidi amino ambayo enzaimu hiyo huivunja) hupungua, molekuli ya CD3 zeta inayopeleka ishara ndani ya seli T hushuka na seli T (limfosaiti za kinga) huzorota. Mgonjwa anaonekana ana kasoro ya kinga kumbe kasoro ni ya sampuli.

Wanaopima FOXP3, jeni inayoongoza seli T dhibiti (zinazotuliza kinga), tunawasihi wasipime RNA ya utando mzima. Seli hizo ni chache, na seli T za kawaida zikichokozwa huwasha FOXP3 kwa muda. Tenga kwanza zenye CD4, CD25 nyingi na CD127 kidogo (hizi ni protini za alama juu ya seli).

Mkono usiozoea utasaidiwa na tyubu za SepMate, zenye kizuizi ndani kinachotenga Ficoll na damu: Ficoll ileile, 1,200 g, dakika 10, breki imewashwa. Ila tyubu ni ya kutumia mara moja na gharama hupanda, kwa hiyo zinafaa pale sampuli zinapokuwa nyingi kwa siku moja na damu zote ni mbichi.