Vikaango vya Ngamiani na yai la macho ya ng'ombe: kipi kinafaa

Ukizunguka maduka ya vyombo ya Ngamiani, Tanga, na kwa wanaopanga bidhaa chini karibu na soko la Mgandini, utakuta vikaango vya aina tatu vinavyogombewa: cha aluminiamu chepesi kinachong'aa, cha nonstiki chenye ndani nyeusi, na chuma cheusi kizito cha kupikia chapati. Tumevipima vyote kwa yai la macho ya ng'ombe. Chipsi mayai ingeficha kasoro, maana mafuta ni mengi na yai limepigwa. Yai zima halifichi kitu.

Hukumu yenyewe si ngumu. Kwa jiko la mkaa, chuma cha chapati hakina mpinzani. Kwa gesi, nonstiki nzito inakishinda kwa urahisi wa kazi, ila haidumu. Kile cha aluminiamu chepesi kipashie kiporo, yai usikitwishe.

Tatizo la yai hili ni kwamba ute na kiini havikubaliani. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi joto 62 hivi, lakini haukazi wote mpaka ukaribie 80. Kiini nacho huanza kuwa kizito kwenye 65, na kikipita 70 kimeshakuwa kigumu. Kwa hiyo kinachohitaji moto zaidi ndicho kinachokizunguka kile kisichoutaka. Kikaango kizuri husambaza joto sawasawa mpaka ukingoni, na mfuniko humalizia ute wa juu kwa mvuke kabla kiini hakijakaza.

Hapo ndipo aluminiamu nyepesi inapoanguka. Majiko mengi ya gesi ya nyumbani ni yale ya mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, na moto wake hupiga katikati tu. Kitako chembamba huungua katikati huku pembeni ute ungali maji. Kibaya zaidi, baada ya wiki chache kitako huvimba kwa juu katikati, mafuta yakakimbilia pembeni, na yai likakaa pakavu na kung'ang'ania. Kabla hujalipa, simamisha kadi ya benki kwa ubavu wake ndani ya kitako: mwanga ukipita kati ya kadi na bati, rudisha. Vipo pia vya aluminiamu nzito vya kuyeyushwa mitaani. Hivyo husambaza joto vizuri, lakini hutokana na vyuma chakavu vya kila namna, na vyombo vya aina hiyo vimewahi kukutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hatuvipendekezi.

Nonstiki chukua ya sentimita 20 kwa mayai mawili. Ipime mkononi, ikiwa nyepesi kama sahani ya plastiki, iache hata ikiwa na maua nje. Tikisa mpini: wa skrubu moja hulegea, kwa hiyo beba bisibisi akilini. Matumizi ni hivi. Mimina kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kikaango kikiwa bado baridi, washa moto mdogo, subiri dakika moja. Vunjia yai kwenye bakuli kwanza, kisha literemshe taratibu. Funika dakika mbili hadi tatu. Ukitikisa, yai zima liteleze na kiini kitetemeke. Usikipashe kikiwa kitupu: utando ule ukipita nyuzi 260 huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya, na kikaango kitupu hufika huko haraka kuliko unavyodhani. Ndiyo maana mkaa ni adui yake. Mwiko uwe wa mbao, na stilwaya isikiguse kabisa. Utando ukianza kubanduka, kimeisha, hakitengenezwi.

Chuma cha chapati ndicho kinachodharauliwa, pengine kwa sababu kila nyumba inacho. Kikiwa kipya huwa kimepakwa kitu cha kuzuia kutu, basi kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kikaushe juu ya jiko, kipake mafuta ya kula kidogo mno, kisha uyafute kana kwamba ulikosea kuyapaka. Kichome mpaka moshi ukatike. Rudia mara tatu au nne. Mafuta hugeuka ngozi nyeusi ngumu, na hiyo ngozi ndiyo nonstiki yake. Ukipaka mengi yatanata kama gundi, na hilo ndilo kosa la wengi.

Kupika yai juu yake kunataka subira mwanzoni. Pasha dakika tatu kwa moto wa kati, dondosha tone la maji. Likichuruzika na kukauka polepole, bado. Likichacharika na kutoweka mara moja, tayari. Likikimbia huku na huku kama shanga, moto umezidi, kiepue kidogo. Tia vijiko viwili vya chai vya mafuta, ngoja yatiririke kama maji, teremsha yai, na usiliguse kwa dakika nzima. Likitingishwa mapema huchanika. Likiachwa, hujibandua lenyewe pembeni, nawe unapitisha mwiko bapa bila vita. Halafu kijiko kimoja cha maji ukingoni, mbali na yai, funika nusu dakika. Kwenye mkaa tumia makaa yaliyokwisha kuvaa majivu, na uyasogeze pembeni badala ya kuyarundika katikati.

Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yanalipa yai harufu nzuri sana, hasa likiliwa na mbaazi za nazi, ila huanza kutoa moshi mapema kuliko alizeti iliyosafishwa ya dukani. Punguza moto.

Kasoro ya chuma ni hewa ya bahari. Kioshe, kikaushe juu ya jiko na si kwa kitambaa tu, kisha kipake mafuta. Ukikiacha na unyevu usiku kucha, hasa nyumba za upande wa Raskazone, asubuhi utakuta wekundu. Si msiba: sugua, paka mafuta, choma upya.

Na kuna yai ambalo hakuna kikaango cha kulisaidia. Trei iliyokaa dukani siku nyingi kwenye joto la Tanga hutoa mayai ambayo ute wake umekuwa maji, yakatapakaa kikaango kizima na kuungua kingo. Litie yai kwenye maji: likilala chini ni jipya, likisimama wima lipige badala ya kulikaanga zima, likielea litupe. Lile lililosimama, kama huna jingine la kukaanga zima, livunjie kwenye chujio la chai, ute wa maji uchuruzike sekunde chache, unaobaki ndio mzito. Ya kienyeji ni madogo, yapunguzie nusu dakika.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: vikaango hivi kwa kawaida huuzwa bila mfuniko. Nenda dukani na mfuniko wa sufuria yako mkononi, uujaribishe pale pale.