Mabomba ya aluminiamu ya boti yangu Mikindani: uzoefu wangu baada ya msimu mmoja wa kusi

Bomba la aluminiamu lenye kipenyo cha milimita 50, unene wa ukuta milimita 3 na urefu wa mita 6 linatakiwa kuwa na kilo 7 na gramu 200 hivi. Hesabu hiyo niliifanya kabla mzigo wangu wa mabomba kumi ya kiunzi cha turubai haujatoka Dar es Salaam, nikaiandika kwa mkaa kwenye ubao wa banda. Mabomba yalipofika Mikindani tuliyafunga kamba katikati, tukayatundika moja moja kwenye mizani ya kupimia samaki. Manane yalicheza pale pale kwenye kilo 7 na kitu. Mawili yakasimama kwenye kilo 6.

Kilo 6 ni uzito wa bomba lenye ukuta wa milimita mbili na nusu. Kwa macho yalifanana na mengine yote, rangi ile ile, kipenyo kile kile. Tukaweka kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, mdomoni mwa bomba, ikasema vile vile: mbili na nusu.

Nianze nyuma kidogo, maana nataka wenye boti wenzangu mwelewe kwa nini nilifika mahali pa kupima bomba kwa mizani ya samaki. Nina boti ya faiba ya mita 8, inabeba watu na wageni kati ya Mikindani, Shangani na Msimbati huku Mtwara. Kiunzi cha kwanza cha turubai nilitengenezewa na fundi wa madirisha kwa profaili za madirisha. Kilipendeza sana kilipokuwa kipya. Haukuisha mwaka, unga mweupe ukaanza kutoka chini ya skrubu, matundu yakapanuka, na siku moja tukiwa tunatoka kwenye mlango wa ghuba upepo ukanyanyua turubai pamoja na nguzo mbili. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni chini ya turubai hilo. Hawakuumia, lakini usiku ule sikulala.

Nilikuwa nalaumu aluminiamu. Kumbe profaili za madirisha kwa kawaida ni aloi (aluminiamu iliyochanganywa na metali nyingine) ya namba 6063, na aloi hiyo kwa kutu haina ubaya. Tatizo ni kwamba si aloi ya kubeba nguvu kubwa, na zile zangu zilikuwa na ukuta wa milimita 1.2 tu. Juu ya hapo tulizifunga kwa skrubu za chuma cha kawaida na ndoano za shaba za kushikia kamba. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja huliwa ili nyingine isalimike, na kati ya aluminiamu na shaba inayoliwa siku zote ni aluminiamu.

Safari hii nilitafuta aloi ya 6082 iliyopitishwa kwenye tiba ya joto iitwayo T6. Ingeweza kuwa 6061 pia, boti nyingi duniani zinaitumia, ila 6061 ndani yake ina shaba kidogo, kati ya asilimia 0.15 na 0.40, wakati 6082 haitakiwi kuzidi asilimia 0.10. Kwa boti inayolala majini mwaka mzima nilichagua yenye shaba ndogo. Aloi maarufu ya baharini, 5083, nayo niliiulizia. Hiyo inapatikana zaidi kwenye mabamba ya kujengea mwili wa boti. Mabomba na profaili hutengenezwa kwa kupasha gogo la aluminiamu moto wa karibu nyuzi 500, kisha kulisukuma lipite kwenye tundu la kalibu, kama tambi za dengu zinavyokamuliwa, na aloi za jamii ya 6000 ndizo zinazokubali kazi hiyo kwa urahisi.

Nilipiga simu maduka manne ya Dar. Matatu walinitajia bei kabla sijamaliza sentensi. La nne akapokea binti.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Mnayo 6082?”

“Ipo, T6. Kwani unatengenezea nini?”

Hilo swali ndilo lililonifanya ninunue kwake. Nilipomweleza, akaniuliza kama tutachomelea au tutafunga kwa bolti. Nikasema vyote viwili. Akanishauri nisichukue yale yanayong'aa yaliyofanyiwa anodaizi, yaani kuongezewa ngozi ngumu ya kinga kwa umeme, kwa sababu ile ngozi ya juu lazima isagwe kila panapochomelewa, na nitakuwa nimelipia kitu cha kwenda kukitoa. Nikachukua mabomba kumi ya kijivu, kama yalivyotoka kiwandani. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya profaili za madirisha kwa mita. Nililipa nusu kwa simu, nusu baada ya kutumiwa picha ya cheti cha kiwanda.

Usafiri ulikuwa shida kuliko nilivyodhani. Bomba la mita 6 haliingii kwenye buti la basi, na kukata sikutaka. Mwishowe nikapata lori lililokuwa limepeleka saruji Dar linarudi Mtwara tupu, dereva akanibebea kwa bei ya kirafiki. Ila ilikuwa Machi, mvua ikawapiga njiani, na mabomba yalikuwa yamefungwa pamoja bila karatasi katikati. Maji yakinaswa kati ya bomba na bomba, aluminiamu hutoka madoa meupe kama ramani. Hayapunguzi nguvu, tumeyasugua, lakini mengine hayajatoka mpaka leo. Hapo duka lilikosea, na nilimwambia yule binti.

Kuhusu yale mawili mepesi: kwenye cheti kuna namba ya mkupuo wa kuyeyushia, na namba hiyo inatakiwa ionekane kwenye kibandiko cha bomba. Manane yalikuwa nayo. Mawili hayakuwa na kibandiko kabisa. Nilimtumia binti picha za mizani, kalipa na midomo ya mabomba. Hakubisha. Alisema yalichomolewa kwenye rafu ya jirani, akaniomba radhi, na siku ya tisa yalifika mawili mengine, yamefungwa kwa makaratasi. Gharama ya kuyarudisha yale ya kwanza niliibeba mimi, na sioni kama ilikuwa haki. Hata hivyo nimewahi kununua vitu ambavyo ukilalamika simu haipokelewi tena.

Fundi wangu alijifunza kuchomelea kwa gesi ya argoni enzi za ujenzi wa bomba la gesi la kwenda Dar. Tulibishana naye siku nzima. Aluminiamu ya T6 ikichomelewa, pale pembeni ya mshono hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, kwa sababu moto unafuta ile tiba ya kiwandani. Basi miguu ya nguzo, inayobeba kishindo chote cha upepo, tukaifunga kwa bolti za stenlesi ya 316, aina inayovumilia maji ya chumvi, wosha za plastiki na raba chini ya kila kikanyagio. Kuchomelea tukakubali kwenye maungo ya juu tu, kwa waya wa 5356, ambao una magnesiamu na unavumilia chumvi. Ndoano za shaba nimezitupa.

Tulitumia mabomba tisa. Mabomba yote kumi ni kilo 72 hivi. Kwa chuma cha vipimo hivyo hivyo zingepita 200, na uzito huo ukiwa juu ya kichwa, boti inalewa kwenye wimbi.

Tangu Aprili hadi Oktoba kiunzi kimekula kusi yote. Julai kulikuwa na siku ambazo hata mashua kubwa hazikutoka, na sisi tuliovuka tulivuka tumeshika zile nguzo. Kila Ijumaa nahodha anazimwagia maji yasiyo na chumvi na kukagua bolti. Nilifungua miguu miwili wiki iliyopita kuangalia chini ya raba: hakuna unga, hakuna shimo. Rangi imefifia kuwa kijivu cha jivu, ambayo ni ngozi yake ya asili.

Duka nalipa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye karatasi za kufungia na ile nauli ya kurudisha. Nimeshaagiza tena mabomba mawili ya ngazi ya nyuma, wazee wanaoshukia Msimbati wapate mahali pa kushika, na mizani ya samaki bado inaning'inia bandani.