Taa ya LOS ikiwa nyekundu usiguse riseti: nimekaa na kisanduku cha faiba karibu mwaka

Haya wadau karibuni, leo niko na kisanduku cha faiba, hiki cheupe cha intaneti kinachotundikwa ukutani, cha GPON, yaani mfumo wa faiba moja kugawiwa nyumba nyingi, na spidi siigusi kabisa leo, nataka tuongelee taa zake, maana ndo zimenifanya nikipende hiki kitu na hapohapo ndo watengenezaji waliponikera.

Cheki hii ya LOS, taa ya kukuambia mwanga umepotea. Kisanduku kikiwa salama haiwaki, yaani kuzima kwake ndo uzima wake. Ikiwaka nyekundu au ikipepesa nyekundu, mwanga kutoka kwa mtoa huduma haufiki, au unafika dhaifu mno. Mwanga jamani, sio neti! Kwa iyo ukichukua pini ukabonyeza riseti mwanga haurudi, unafuta setingi tu. Mimi yalinikuta: LOS nyekundu, nikabonyeza riseti, kumbe waya ulikuwa umebanwa nyuma ya kabati umekunjika, na faiba ikikunjwa sana mwanga unavujia pale pale kwenye kona. Nikaunyoosha, LOS ikazima, nikafurahi, alafu naangalia taa ya PON, ile ya kuonyesha umeungwa kwa mtoa huduma, inapepesa tu, dakika kumi nzima inapepesa, kwa sababu nenosiri la usajili nililifuta mwenyewe na ile riseti.

Na hapo ndo nikaielewa PON. Ikipepesa huku LOS imezima, mwanga unafika ila mtambo mkuu wa mtoa huduma bado haujakipokea kisanduku chako, wapigie wakusajili upya, usihangaike na waya. Ikitulia kijani, ushapokelewa. Kama PON imetulia na taa ya intaneti haiwaki, shida sasa mara nyingi ni jina na nenosiri la akaunti au setingi, faiba iache. Taa ya LAN, ya waya wa kwenda kwenye kompyuta, ikipepesa ni data inapita tu, iko poa.

LOS ikiwaka waulize na majirani, maana faiba moja ya GPON hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, wote wakiwa na nyekundu basi huenda waya mkubwa ndo umekatika. Ukiwa peke yako, angalia kiunganishi: kile cha kijani kimechongwa kwa mshazari wa digrii 8, cha bluu hakina huo mshazari, ukivichanganya unapoteza mwanga mwingi. Na usichungulie ncha ya waya, mwanga wake hauonekani kwa macho lakini ni leza, tafadhali sana.

Kitu nilichokipenda zaidi kiko ndani, kwenye ukurasa wa setingi kuna namba ya mwanga unaopokelewa. Ukiona -20 dBm hivi (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga) uko vizuri, ikisogea -27 uko ukingoni, na kila ikishuka 3 ujue nusu ya mwanga imepotea. Iandike siku fundi anapomaliza kufunga, siku ya shida utakuwa na cha kulinganisha.

Walipokosea sasa: maandishi ya taa ni madogo mno na yako ubavuni, ukikitundika juu husomi, nimebandika karatasi yangu pembeni. Alafu tundu la riseti limekaa jirani kabisa na LOS, bila onyo lolote. Hilo nawaomba watengenezaji walihamishe.