Uzoefu wangu na kifaa cha ELM327 kwenye Fielder iliyokuwa haichanganyi

Kama gari lako halichanganyi na taa ya injini haiwaki, nunua kifaa hiki cha kusomea kompyuta ya injini kwenye simu kabla hujanunua spea yoyote. Nasema hivyo baada ya kukitumia kwenye Toyota Corolla Fielder yangu, NZE141, injini ya 1NZ-FE cc 1,496, gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua.

Shida ilikuwa hivi: ukikanyaga mafuta, gari linanyamaza kwanza, halafu linashtuka na kuruka. Mjini unaweza kuvumilia. Lakini kati ya Chalinze na Morogoro, uko nyuma ya lori refu na umeshatoka upande wako kuovateki, ule ukimya ni hatari kwa roho za watu.

Mafundi walinipa majibu ya kila aina. Mmoja alisema gia boksi inakufa. Mwingine alitaka nibadilishe throto bodi nzima, yaani kilango kinachopitisha hewa kwenda kwenye injini, niweke ya mtumba. Hakuna aliyepima kitu wala kufungua boksi la eya klina. Rafiki naye akanishauri kile kidude kinachochomekwa kwenye pedeli ya mafuta ili gari liwe jepesi. Sikukubali na hadi leo sikubali: kinachofanya ni kuiambia kompyuta kwamba umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Injini inayokosa mafuta au hewa haipati nguvu kwa kudanganywa.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaingia kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, na kinaongea na simu kwa Bluetooth. Changu nakitumia na programu ya Torque kwenye Android. Wenye iPhone waangalie kabla ya kulipa, kwa sababu vile vya Bluetooth ya zamani havikubali kwao. Watafute cha WiFi au cha Bluetooth LE.

Nilipochomeka, hakikuonyesha kodi ya hitilafu hata moja. Wengi huishia hapo na kusema kifaa hakifai. Faida yake iko kwenye namba zinazocheza injini ikiwa inafanya kazi.

Nilianza na pedeli. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, nilikanyaga polepole hadi mwisho, namba ikapanda bila kukatika, na ya throto ikaifuata. Kwa hiyo sensa za pedeli na throto zilikuwa nzima. Throto ikiwa imefungwa haionyeshi sifuri, inaonyesha asilimia kumi na kitu. Kwenye Toyota hilo ni la kawaida, usije ukauziwa throto kwa sababu hiyo.

Jibu lilikuja nilipofungua LTFT, yaani kiasi cha mafuta ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Ndani ya asilimia 10 kila upande hakuna wasiwasi. Yangu ilikuwa ndogo injini ikiwa inanguruma taratibu, lakini nikipandisha mizunguko inapanda hadi kama asilimia 15. Mpangilio huo una maana yake. Mpira unaopeleka hewa kwenye injini ukiwa umepasuka, namba huwa kubwa injini ikiwa chini na hupungua ukikanyaga. Ikipanda unavyokanyaga, basi sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, inahesabu pungufu, au mafuta hayafiki ya kutosha. Kompyuta inamwaga mafuta kwa kufuata hesabu ya sensa. Ukikanyaga ghafla haiwahi kujisahihisha, mafuta yanakuwa haba, gari linanyamaza.

Nikafungua boksi la eya klina. Chujio lililofungwa humo halikukaa sawa pembeni, na vumbi lilikuwa limepita kabisa hadi kwenye sensa ya hewa, ambayo kwenye gari hili imefungwa papo hapo juu ya boksi kwa skrubu mbili. Kawaya kake kembamba kalikuwa kamevaa uchafu. Nilikapulizia dawa maalumu ya sensa ya hewa, bila kukagusa, nikaacha kakauke vizuri. Dawa ya kabureta usiitumie hapo, inaweza kuiua sensa.

Throto nayo ilikuwa na masizi meusi kwenye kingo za kilango. Hii nilipangusa kwa kitambaa kwenye kijiti, kwa sababu kilango cha umeme hakitaki kulazimishwa, na kikirudi ghafla kinabana vidole. Baada ya hapo injini ilinguruma juu kuliko kawaida. Kompyuta ilikuwa imezoea kufungua kilango zaidi kufidia masizi. Ili isahau mazoea hayo, nilichomoa fyuzi za EFI (mfumo wa mafuta) na ETCS (throto ya umeme) kwa zaidi ya dakika moja, nikarudisha, nikawasha bila kugusa pedeli na kuiacha injini hadi ikapata moto. Ikatulia.

LTFT sasa haivuki asilimia 4 hata nikipandisha mizunguko, na gari linaitika mguu unapogusa. CVT bado ina tabia yake ya kupandisha mizunguko kabla gari halijakaza mwendo, huo si ugonjwa. Nimefurahi mno, hasa nikikumbuka bei ya gia boksi niliyotajiwa.

Kifaa kina mipaka yake. Hakipimi presha ya mafuta. Kama sensa ingekuwa safi, ingebidi fundi afunge geji aone kama presha iko kati ya kPa 304 na 343, maana pampu dhaifu inatoa namba zilezile za LTFT. Usikiache kimechomekwa gari likilala muda mrefu, kinanyonya betri. Na vya bandia ni vingi: kuna vinavyowaka taa lakini haviongei na gari. Nenda dukani na gari lako, kichomeke uone mizunguko ya injini kwenye simu, ndipo utoe hela.