Vitu vya Geto: Karume au kwa Wanaomaliza Chuo?

Mwanafunzi anayeanza kupanga geto, yaani chumba chake mwenyewe, Dar es Salaam ana njia mbili za kupata vitu vilivyotumika: Soko la Karume kule Ilala, au wanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Kwa nguo, viatu na mashuka, Karume haina mpinzani. Ukiwahi asubuhi robota la mitumba linapofunguliwa, bei iko juu ila unachagua mwanzo. Jioni bei hushuka, na kilichobaki ni makapi. Ukitajiwa bei, anzia nusu. Nguo za ndani ziache. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ilishapiga marufuku mitumba yake.

Feni, meza, jiko na mtungi wa gesi wa kilo 6 ni habari nyingine. Karibu na Julai, anayemaliza chuo na kurudi Mwanza au Mbeya hataki kuvilipia nauli, kwa hiyo unapatana na mtu mwenye haraka. Tena unaiona feni ikizunguka kabla hujalipa. Godoro likague kunguni kwenye mishono, hata muuzaji awe rafiki yako. Simu, bonyeza *#06# ulinganishe namba itakayotokea na ya kwenye boksi. Hana boksi wala risiti, achana naye. Na usitume hela kwa kuona picha za WhatsApp tu.

Tatizo, vitu hivi vina msimu. Anayeripoti Novemba hukuta vizuri vimeshachukuliwa.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji, mchuuzi wa sokoni atakupa bei ya kutupa. Kama una pa kuhifadhi, subiri mwaka wa kwanza waingie.